Ngege wa Namuti na Mnyoo wa Nanga

Siku ya kuniaga mlinipa kipaza sauti, mkanyamaza, mkangoja hekima ya mtu aliyezeeka ndani ya maabara. Nikawashukuru wapishi. Kisha nikawashukuru tena, maana nilisahau kwamba nimekwisha kuwashukuru, nikakaa. Nasikia baadhi yenu mlidhani nimezidiwa na machozi. Nilizidiwa na pilau. Sasa niko nyumbani Mbale, hakuna anayenihimiza, na ninaandika yale ambayo ningewaambia ninyi mliobaki na hadubini zetu, hasa mtakaotumwa visiwani. Habari za vyeo naziacha. Vilikuwa vichache na havina ladha.

Mimi ni Mnubi wa Mbale. Babu wa baba yangu aliletwa nchi hii na jeshi kutoka Sudan, na tangu hapo nyumbani kwetu tumesema Kinubi na Kiswahili, tumepika vizuri, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuvua samaki. Nilitaka kuwa daktari wa watu. Alama zangu za mtihani zilikuwa na maoni mengine, nikajikuta Jinja, kwenye maabara ya samaki, nikiwa na koti jipya la kaki lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe.

Siku yangu ya kwanza nilipelekwa Masese, kwenye mwalo wavuvi wanapopakua samaki, kuchukua samaki wa kupima. Nilitaka kuonyesha bidii. Nilishuka garini kabla ya wengine, nikaingia katikati ya mwalo, nikasema kwa sauti ya kwetu, Kiswahili safi, kwamba hamjambo wote, tumekuja kukagua samaki. Wenye mitumbwi wakasukuma mitumbwi majini. Wanawake wakaacha sufuria zikichemka. Nyavu zilitupwa ziwani kama mawe. Kwa watu wengi wa nchi hii Kiswahili ni lugha ya wanajeshi na ya kizuizi cha barabarani, na mimi nilikuja nacho nikiwa nimevaa kaki. Mzee mmoja tu alibaki, asiyeweza kukimbia, akainua mikono na kuniambia, "Afande, mimi sina kitu." Nilitamani ziwa linimeze, ingawa hata kuogelea sikujua.

Aliyeniokoa ni Bwana Gidudu, mkubwa wa meza ya vimelea. Alikuja taratibu nyuma yangu, akakaa kwenye ukingo wa mtumbwi wa yule mzee, akamsalimu kwa Kisoga, akauliza habari za watoto, mwishowe akanunua samaki. Garini aliniambia kwamba nina kipawa kikubwa, kwamba hajapata kumwona mtu akifunga mwalo mzima bila bunduki. Tangu siku hiyo aliniita Afande, na jina likaniganda.

Yeye alikuwa Mgisu, mrefu, mwenye sauti ya chini. Kwao Gidudu ni jina la heshima. Kwetu sisi wenye Kiswahili ni mtu aitwaye mdudu anayetafuta wadudu, nami nilicheka peke yangu kwa muda mrefu kabla ya kuthubutu kumweleza. Akasema anajua, na kwamba ndiyo maana alichagua kazi hii, ili watu wacheke kwa sababu moja badala ya mbili. Ndiye aliyenifundisha kumshika samaki kama unavyomshika mtoto wa mwenzako. Alinifundisha kukata matamvua, yale mapafu mekundu ya samaki, kwa mkasi mdogo bila kuyaponda, kuyalaza kwenye kioo na tone la maji ya ziwa lile lile alikotoka, kisha kutulia. Wengi wetu tunaangalia upesi, halafu tunaona kile tulichokuja nacho kichwani.

Hilo nililithibitisha Budondo. Mkulima mmoja alikuwa na bwawa na samaki wake walikuwa wakifa. Nikaenda peke yangu, nikampasua mmoja, nikakuta tumbo limejaa minyoo myeupe, mirefu, laini. Niliwakusanya majirani nikawahutubia. Nilieleza hatari, nilieleza dawa, nilikataza watu wasile. Kisha nikabeba tumbo hilo ndani ya chupa hadi Jinja kama mtu aliyebeba kombe. Gidudu aliangalia kwa muda, akaniuliza kama nyumbani kwetu siku ya Idi tunazipika kwa sukari au kwa chumvi. Zilikuwa tambi. Kulikuwa na harusi jirani, na mabaki yalimwagwa bwawani. Samaki walikufa kwa kukosa hewa, maji yamechafuka kwa chakula. Nimepika tambi tangu utoto, na sikuzitambua kwa sababu nilikuwa natafuta minyoo. Nilirudi Budondo kusahihisha. Mkulima alinisikiliza kwa adabu, akanifungashia viazi vya njiani, nami nikaona bora angenitukana.

Miaka ikaenda. Gidudu alistaafu, akarudi Mbale, akajenga matangi ya saruji nyuma ya nyumba yake Nkoma, akaanza kufuga samaki wa dhahabu, wale wekundu wa mapambo wanaowekwa kwenye mabwawa ya hoteli. Nilimtania kwamba amekula samaki wa kweli maisha yake yote na sasa anawafuga wa kuchora. Kila nilipokwenda nyumbani kwa Idi nilipita kumwona. Alinizungusha kwenye matangi na kunionyesha kizazi hiki na kile, kama babu anayeonyesha wajukuu.

Namuti ilikuja mwishoni mwishoni mwa kazi yangu. Ni kisiwa kidogo. Kutoka Masese unakwenda kwa boti ya injini mpaka utapike, kisha unaendelea kidogo. Katikati ya kisiwa kuna ziwa lingine dogo, limetengwa na ziwa kubwa kwa kilima. Humo wamebaki ngege, wale perege wa asili ambao katika ziwa kubwa wazee wanawasimulia tu, tangu mbuta, yule sangara mkubwa, alipoletwa akawala. Mbuta hajafika katika ziwa la ndani. Watu wa Namuti wamewatunza ngege wao kwa sheria zao wenyewe: ndoana tu, wavu marufuku, na wakati samaki wanalea hakuna anayevua. Msimamizi wa sheria hizo alikuwa mama mmoja, Nalongo, kama tunavyowaita mama wa mapacha. Ndiye aliyetuma neno kwa mchuuzi wa Masese kwamba ngege wake wameota nywele.

Ofisini watu walicheka. Nikatumwa mimi, kwa kuwa nilikuwa nakaribia kustaafu na hakukuwa na kazi ya maana ya kunikatiza.

Nilishuka kwenye boti nikiwa na rangi ya majani ya mgomba. Nikasalimu kwa Kiswahili kwa mazoea, kisha nikauma ulimi nikingoja watu wakimbie. Nalongo, mama mnene mwenye kanga kiunoni, alinitazama akacheka. Marehemu mume wake alikuwa askari, na yeye alikaa kambini miaka mingi. Akanipa kigoda na maji ya kunawa uso, akasema, "Karibu, Afande. Hapa hakuna mtu nakimbia."

Alinilazia ngege watatu kwenye jani la mgomba. Ubavuni mwao, na chini ya mapezi, zilining'inia nyuzi za rangi ya majani makavu, na kila uzi ulitokea kwenye kidonda chekundu. Nikakumbuka tambi. Kwa hiyo sikuhutubia mtu. Nilishika uzi mmoja kwa kibano nikavuta. Haukutoka. Nikavuta tena pole pole, ukaja na kipande cha nyama, na ndani ya nyama hiyo ulikuwa na kichwa chenye pembe, kama nanga. Nilikuwa nimekiona kwenye michoro ya Gidudu tu. Tunamwita mnyoo wa nanga, ingawa si mnyoo. Kwa ukoo ni jamaa wa kaa. Wanawe ni wadogo mno, wanaelea majini wakimtafuta samaki, na jike akimpata hujichimbia ndani yake asitoke tena. Hakuwahi kuwapo Namuti. Ngege hawa walimpokea kama watu wanavyopokea maradhi mapya, bila kinga yoyote.

Niliwageuza samaki wote watatu, mmoja baada ya mwingine, nikihesabu nyuzi. Nalongo akasema, "Mama yangu alinilisha hii samaki. Mimi nililisha watoto na hii samaki. Sasa hii samaki nakufa, na wewe unanyamaza. Sema."

Nikasema. Nilimweleza kwamba mdudu huyu hatembei peke yake, lazima aliletwa na samaki mgeni, na kuuliza kama kuna aliyeleta samaki kisiwani. Aligeuka akanionyesha kilima, mahali ambapo kijana mmoja kutoka mjini alikuwa amejenga nyumba za wageni.

Kijana huyo alinipokea vizuri. Alikuwa na bwawa la saruji mbele ya ukumbi, maji yakirukaruka katikati, na samaki wa dhahabu wakizunguka. Mvua kubwa ilipokuja bwawa lilifurika, na mfereji ulipeleka maji moja kwa moja kwenye ziwa la ndani. Hakujua kama kuna ubaya. Tukavua wachache, na nyuzi zilikuwapo, fupi, zimejificha chini ya mapezi. Nikamuuliza aliwanunua wapi. Akajibu kwa fahari kwamba hakununua kwa mtu wa ovyo, aliwatoa Mbale, Nkoma, kwa mzee mmoja mwaminifu aliyekuwa bingwa wa magonjwa ya samaki.

Nilikaa kwenye ukingo wa bwawa lake. Kijana alidhani bado nasumbuliwa na boti, akaniletea soda. Niliinywa nikitafuta kichwani mzee mwingine wa Nkoma mwenye sifa hizo, na sikumpata.

Nilimweleza mkuu wangu kwamba nataka kufuata chanzo, na nikaenda. Boda boda ilinipeleka Nkoma nikiwa na hadubini ndogo mapajani na chupa ya samaki waliokufa mkononi, na njia nzima nilifanya mazoezi ya maneno. Nilikuwa na utangulizi mzuri sana. Bwana Gidudu alifurahi kuniona, akaita chai, akaniuliza habari za magoti yangu, nami nikamweleza habari za magoti yangu kwa urefu ambao magoti hayo hayastahili. Nikaomba kikombe cha pili. Nikasifu ukuta wake. Mwishowe yeye ndiye aliyeuliza nimebeba nini.

Nikasema ni samaki wa Namuti. Aliichukua chupa, akavaa miwani, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Aliigeuza huku na huku, akaniuliza ninaona nini. Hapo ndipo nilipojua. Mtu aliyeweza kuona kimelea kwenye tamvua kabla hujawasha taa alikuwa na chupa usoni, na nyuzi zikining'inia mbele yake, naye hazioni.

Nilitega hadubini mezani pake. Aliinama, akatafuta kwa kidole kile kigurudumu cha kusogezea, akakizungusha hadi picha ikakaa. Kisha akasimama, akaenda nje kwa kupapasa ukuta, akanionyesha tangi la mwisho, akaniambia nivue humo. Lilikuwa tangi la samaki aliowanunua kwa mfanyabiashara aliyewatoa ng'ambo ya mpaka. Zamani angewatenga na kuwakagua mmoja mmoja. Safari hii aliwakagua pia, alisema, kwa macho yale yale aliyokuwa nayo.

Nyuzi zilikuwapo. Nilianza kusema kwamba huenda walipata ugonjwa huko kisiwani, kwamba kuna njia nyingi, kwamba hatuna hakika. Nilikuwa nimesoma elimu yote ya vimelea ili nije kusema upuuzi huo kwa mtu aliyenifundisha. Alinikatiza kwa Kigisu, ambacho sisi wa Mbale tunakielewa.

"Macho yangu yana mtoto wa jicho siku nyingi, na sikumwambia mtu. Usinihurumie, Zaituni. Sema imetoka kwangu."

Hakuwa amewahi kuniita kwa jina langu tangu Masese.

Mchana huo tulimaliza samaki wote, si wa tangi lile tu. Alikataa nimsaidie kuwatoa. Aliniachia kazi ya kuchimba shimo na kumwaga chokaa, na nilichimba vibaya hivi kwamba jirani alinionea huruma akaninyang'anya jembe. Kisha tukakaa barazani na simu yake. Mimi nilitafuta majina na kupiga, kwa kuwa hakuona tarakimu, yeye akazungumza. Kila aliyewahi kununua samaki kwake alipigiwa. Alitaja jina lake, akaeleza alichouza, akaeleza namna ya kukausha bwawa, akaomba radhi. Wengine walimfokea. Alisikiliza mpaka mwisho, akashukuru, akaniambia tupige mwingine.

Wa mwisho alikuwa yule kijana wa Namuti. Alikasirika kuliko wote, na mimi sikumlaumu. Lakini bwawa alilikausha, akaua samaki, akamwaga chokaa, akafukia mfereji. Ziwa la ndani lilikuwa jambo jingine. Huwezi kumwaga dawa katika ziwa ambalo watu wanakunywa na kila kiumbe kinaishi humo. Nilimweleza Nalongo hivyo, na nilimwambia samaki waliletwa kutoka Mbale. Sikumwambia na nani. Aliuliza kama ngege watakwisha. Nikajibu kwamba sijui, jibu ambalo katika kazi yetu linachukua miaka mingi kujifunza kulitamka.

Njia ilitoka kwa Gidudu. Alinipigia maabara akauliza kama ngege wa Namuti wameanza kulea. Nilielewa kabla hajamaliza. Ngege jike hubeba mayai yake mdomoni, na vifaranga huendelea kukimbilia humo mpaka wapate nguvu. Mama anaweza kuwa amejaa nyuzi ubavuni na watoto mdomoni wakawa safi. Tukiwatoa mapema, tukawasafisha, tukawakagua, tukawalea kwenye maji yasiyo na ugonjwa, ngege watapata pa kuanzia.

Basi nikaenda tena kutapika. Nalongo alivunja sheria yake mwenyewe, akaruhusu samaki wanaolea wavuliwe. Alionyesha nilivyopaswa kufanya, maana nilikuwa nimeeleza vizuri na kutenda vibaya: mama anainamishwa kichwa chini juu ya bakuli la maji, na vifaranga wanamwagika kama mbegu. Jike la kwanza nililolishika mimi lilimwaga watoto wote kwenye sketi yangu. Wanawake walicheka mpaka mmoja akakaa chini, nasi tukawaokota kwa kijiko.

Ilibaki kupata matangi. Ya kwetu Jinja yalikuwa yamejaa kazi nyingine, na kisiwani bado walikuwa wanachimba bwawa jipya, upande wa pili wa kilima, la maji ya mvua kutoka paa la shule. Gidudu akasema ana matangi matupu, yamesuguliwa, yametiwa chokaa, yamekauka juani kwa miezi. Ofisini kikaitishwa kikao. Mtu mmoja aliuliza, kwa haki kabisa, kama tunapeleka wagonjwa kwa aliyewapa ugonjwa. Nilisimama kumtetea, nikachanganya hoja ya pili na ya nne, nikarudi kwenye ya kwanza, nikakaa. Walikubali, nadhani ili nisisimame tena. Sharti lilikuwa kwamba mimi nikague kila wiki. Sijawahi kutii sharti kwa furaha kama hiyo. Vifaranga walikua Nkoma, safi. Mwenyeji wao hakuwaona. Aliwalisha kwa kusikiliza midomo yao juu ya maji, na akakubali hatimaye kupelekwa hospitali kuuliza habari za macho yake. Jicho moja walilirudishia mwanga kidogo. La pili lilikuwa limechelewa.

Msidanganyike kwamba tulishinda. Katika ziwa la ndani mnyoo wa nanga bado yupo, na ngege humo ni wachache na wana makovu. Mtakaokwenda Namuti mtakwenda kwa ajili yao, na msitegemee kumwondoa. Kazi yenu ni kuzuia asivuke kilima. Osheni nyavu, kausheni ndoo, na mtu akiwaambia anataka samaki wa mapambo kisiwani, kaeni naye mnywe chai mpaka abadili nia.

Bwawa jipya lilikuwa tayari katika mwaka wangu wa mwisho. Tulipakia ngege kwenye mifuko ya maji na hewa, na Gidudu akasema anakuja. Nilimweleza habari za boti, kwa undani. Akasema anakuja, na kwamba atazungumza na Nalongo mwenyewe.

Watu wengi walikuwa wamesimama kando ya bwawa. Nilitaka kumtambulisha kama mtaalamu wetu mstaafu, lakini alikwisha kutangulia na fimbo yake, akasimama mbele ya yule mama, na kwa Kiswahili chake cha milimani akasema, "Mama, ile samaki ya kwanza, mimi ndiyo niliuza. Ugonjwa ilitoka kwangu."

Nalongo alimtazama toka miguuni mpaka usoni. Akaniuliza mimi kama mzee huyu anaona. Nikamwambia anaona kidogo, kwa jicho moja. Akasema amemngoja mtu huyo siku nyingi, na maneno ya kumwambia alikuwa ameyapanga, mengine ya kambini, ambayo sisi hatukuyajua. Kisha akachukua mfuko mmoja wa samaki, akamshika Gidudu mkono, akamteremsha hadi kwenye maji.

"Fungua wewe," akamwambia.

Alipiga magoti kwenye tope na suruali yake nzuri. Vidole vilihangaika na fundo, na Nalongo hakumsaidia. Alimshika bega tu asianguke. Mfuko ukafunguka, maji yakaingia majini. Gidudu akauliza kama wanakwenda.

"Nakwenda, mzee," Nalongo akasema. "Yote nakwenda."

Mimi nilikuwa nyuma yao na mfuko wa pili mikononi, unanivujia viatuni, na hakuna aliyegeuka.